Pumzi, maji baridi, mnasihi au vidonge: uchague kipi mwili ukigoma kutulia

Wiki ya tatu baada ya ajali, mfupa umeanza kuunga na majirani wameshakwambia umshukuru Mungu umepona. Lakini breki zikilia barabarani moyo unaruka. Saa nane za usiku unaamka umelowa jasho. Mtoto akidondosha sufuria jikoni unamfokea utadhani amechoma nyumba. Si woga huo, wala hukurogwa. Ni kiwewe, jeraha ambalo tukio la kutisha huliacha akilini na mwilini. Mfumo wa fahamu ulijifunza hatari siku moja na bado haujajua kwamba imepita, sawa na mbwa wa getini aliyemwona mwizi usiku mmoja na tangu hapo anambwekea hata mwenye nyumba.

Ushauri wa kutuliza hali hiyo umejaa kwenye simu zetu: vuta pumzi, nawa maji baridi, sali, ongea, nyamaza, meza kidonge. Kila njia ina watu iliowasaidia na watu iliowazidishia. Nionavyo mimi, kosa kubwa ni kuchanganya mafungu mawili. Kuna vitu vya kutuliza mwili kwa dakika kumi zijazo, na kuna tiba ya kumbukumbu yenyewe. Anayetegemea pumzi imwondolee kumbukumbu ya ujambazi wa mwaka juzi atasema pumzi ni porojo. Na anayelazimishwa kufukua tukio zima usiku uleule lilipotokea anaweza kuumizwa mara ya pili. Kwa hiyo nitalinganisha kila njia na ya fungu lake.

Kwanza: mbio au ganzi?

Kabla ya kuchagua chochote, jichunguze mwili wako umekwama upande gani. Wapo waliokwama kwenye mbio: mapigo ya moyo yako juu, viganja vinatoa jasho, wakiingia hotelini wanatafuta kiti kinachotazama mlango, usingizi wao ni wa mang'amung'amu. Wengine wamekwama kwenye ganzi. Wapo sebuleni lakini hawapo. Sauti za watu zinawafikia kwa mbali, mikono ya baridi, hawalii hata msibani, na ukiwauliza wanajibu "niko sawa tu". Hawa wa pili husifiwa kwa ushupavu, kumbe mara nyingi ndio wanaochelewa kupata msaada. Mtu mmoja anaweza kuwa wa mbio asubuhi na wa ganzi jioni.

Wa mbio anahitaji kushushwa. Wa ganzi anahitaji kuamshwa. Ukimwambia mtu wa ganzi alale chali, afumbe macho na kupumua polepole, unaweza kumzamisha zaidi. Huyo msimamishe, mpe kitu kinachokwaruza au chenye ubaridi ashike, mtumeni dukani, mwambie afue nguo kwa mikono. Nimeona watu wakitumiwa rekodi za "kutulia" zenye sauti laini na muziki wa maji, zote zikiwa za kushusha, bila mtu kuuliza kama aliyetumiwa hajashuka tayari kupita kiasi.

Pumzi au maji baridi

Moyo huongeza kasi kidogo unapovuta pumzi na huipunguza unapoitoa. Kazi hiyo inasimamiwa kwa sehemu kubwa na neva ya vagasi, ile ndefu inayotoka kwenye ubongo kupitia shingoni hadi kifuani na tumboni. Kwa hiyo faida iko kwenye kutoa. Vuta kwa pua ukihesabu hadi 4, toa taratibu ukihesabu hadi 6, midomo ukiwa umeibana kidogo. Ukienda hivyo unapata pumzi kama 6 kwa dakika, kasi ambayo watafiti wengi huitumia. Fanya kwa dakika tano.

Sasa hapa ndipo watu wanapoharibu. Mtu ana hofu, wenzake wanamzunguka wakimpigia kelele: "Vuta pumzi! Vuta tena! Kwa nguvu!" Naye anavuta, anavuta, anagugumia hewa. Kabonidioksidi katika damu inashuka, kichwa kinakuwa chepesi, midomo na ncha za vidole vinachonyota, na sasa ana uhakika kwamba moyo unasimama. Amewekwa kwenye hofu mpya na watu waliokuja kumsaidia. Kama una mtu wa namna hiyo mbele yako, neno la kumwambia ni "toa". Toa yote, polepole, halafu iache iliyobaki iingie yenyewe.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walilinganisha mazoezi kadhaa ya pumzi na utulivu wa akili wa kukaa kimya, dakika tano kila siku kwa mwezi mmoja. Lililoongoza kwa kuleta hisia njema lilikuwa la kushusha pumzi: unavuta kwa pua, unaongeza kijipumzi kidogo juu yake, kisha unatoa yote kwa muda mrefu. Ndiyo ile pumzi ya "ahaaa" ambayo bibi hutoa akishatua ndoo, ila hapa unairudia kwa makusudi. Washiriki hawakuwa wagonjwa wa kiwewe, basi usisome matokeo hayo kuwa tiba ya kiwewe.

Uzuri wa pumzi ni kwamba ni bure na haionekani. Unaweza kuifanya kwenye foleni ya benki au ukiwa umesimama kizimbani kutoa ushahidi. Ubaya wake: inahitaji uwe umeizoea siku za utulivu, kwa sababu hofu ikishafika kileleni akili haihesabu hata hadi tatu. Na aliyekabwa shingo, au aliyenusurika kwenye moshi, akielekeza mawazo kwenye pumzi anaweza kurudi palepale alipokuwa akiikosa.

Maji baridi yana kasi. Uso ukiingia kwenye maji ya baridi huku umezuia pumzi, mwili hufuata silika yake ya kuzamia majini na mapigo ya moyo hushuka. Chukua beseni, tia maji na barafu, inama uzamishe paji la uso na sehemu ya chini ya macho kwa sekunde 15 hadi 30, inuka, pumua, rudia ikibidi. Maji ya bomba la Mombasa au Dar es Salaam saa saba mchana hayafai kwa kazi hii. Yanatoka ya uvuguvugu. Tumia barafu za mfuko, zifunge kwenye kitambaa uzibandike juu ya macho na mashavu. Mwenye maradhi ya moyo, au anayezimiazimia, aache kabisa mpaka azungumze na daktari.

Na kuna watu ambao maji ndiyo tukio lenyewe. Ukanda wetu una manusura wa meli zilizozama: wa MV Bukoba ya mwaka 1996, wa MV Spice Islander ya 2011, wa MV Nyerere ya 2018. Kumwambia mtu wa hao azamishe uso kwenye beseni ni ukatili uliovaa koti la ushauri. Kanuni hii inapita kwenye kila njia nitakayoitaja: pitisha ushauri kwenye tukio lako kwanza. Aliyevamiwa gizani asifumbe macho. Aliyefungwa kamba asifanye zoezi la kulala bila kusogea.

Kati ya hizi mbili, ningechukua pumzi iwe ya kila siku, asubuhi na kabla ya kulala, na maji baridi yabaki ya dharura.

Kuhesabu vilivyopo au kukaza misuli

Kumbukumbu ikikuvamia mchana kweupe, ukaisikia harufu ya petroli au ukauona uso wa yule mtu, unachohitaji ni kurudi ulipo. Zoezi la tano-nne-tatu-mbili-moja limebuniwa kwa hilo: taja vitu vitano unavyoviona, vinne unavyovigusa, vitatu unavyovisikia, viwili unavyovinusa, kimoja unachokionja. Macho wazi. Tuseme uko kwenye daladala. Kofia nyekundu ya konda. Kioo chenye ufa umebandikwa stika. Kikapu cha mama chenye mchicha. Namba ya pikipiki iliyo mbele. Viatu vyangu vina vumbi. Sasa mikono: chuma cha kiti kina mafuta, kitambaa cha suruali, funguo mfukoni, jasho la kiganja. Kufika hapo wengi huwa wamesharudi nusu, kwa sababu ubongo unalazimishwa kuhesabu vya leo.

Kukaza na kulegeza misuli ni njia ya kale zaidi. Daktari wa Marekani Edmund Jacobson aliijenga miaka ya 1920 akiamini kwamba misuli iliyolegea haiwezi kubeba hofu kubwa. Unakaza ngumi kwa sekunde tano, unaachia kwa kumi na tano ukisikiliza tofauti. Kisha mabega, taya, tumbo, mapaja, nyayo. Inafaa kitandani, kwa mtu wa mbio aliyelala taya zimeumana. Kwa mtu wa ganzi fanya sehemu ya kukaza tu, ukiwa umesimama: sukuma ukuta kwa nguvu zote, hesabu kumi, pumzika.

Hizi mbili hazishindani. Ya kwanza ni ya barabarani, ya pili ni ya kitandani.

Yapo pia mazoezi ya kutetemesha mwili yanayouzwa kwenye video kwa ahadi kubwa kwamba kiwewe "kinatoka misulini". Ushahidi wake ni mwembamba. Kama unapenda kucheza ngoma, cheza, usilipie.

Dua, rozari, dhikri

Watu wengi wa kwetu wataanza hapa, na hawajakosea. Mwaka 2001 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa Mwitaliano Luciano Bernardi na wenzake: watu waliosali rozari kwa Kilatini, na wale waliorudia mantra za yoga, walishuka wenyewe hadi pumzi kama 6 kwa dakika, bila mtu kuwaambia wahesabu. Sala ya kurudiarudia kwa sauti ndogo inarefusha pumzi ya kutoka, na juu ya hapo ina maana kwa anayeisali, jambo ambalo kuhesabu namba hakuna.

Panapoharibika ni pale imani inapogeuzwa mashtaka. "Ungekuwa na imani usingeota hivyo." Au mtu anafungishwa siku saba bila kula ili pepo litoke, mwili ambao tayari umeishiwa nguvu ukanyimwa na usingizi. Kiongozi wa dini anayejua kazi yake atakuombea na atakuuliza umeenda hospitali lini. Anayekukataza dawa, mwage.

Kusimulia kwa wageni, na kusimulia kwa mnasihi

Hapa ndipo ningependa tukae, maana ndipo ushauri unapopingana zaidi. Mmoja anakwambia "ongea, usiweke moyoni". Mwingine anakwambia "sahau, usilikumbuke". Wote wawili wana ukweli nusu.

Tazama inavyokwenda nyumbani. Mama amevamiwa na majambazi usiku. Kufikia saa tatu asubuhi mkeka umetandikwa, wageni wanaingia wawili wawili kumpa pole, na kila anayeingia anauliza "ilikuwaje jamani?" Anaanza: walivunja mlango wa nyuma, mmoja alikuwa na panga, akamshika mtoto... hapo mgeni anadakia, "Uwiii! Hata sisi mwaka jana!" na habari inageuka ya mgeni. Anaingia mwingine, inaanza upya. Mpaka adhuhuri amesimulia mara nyingi, kila mara akikatwa mahali pa moto zaidi, pale panga lilipomkaribia mtoto, na hakuna hata mara moja aliyofikishwa mwisho wa habari, kwamba mtoto yuko hai, yuko hapo uani anacheza.

Kukutana hivyo kuna thamani yake. Anajua hayuko peke yake, chai inapikwa na watu wengine, mlango unatengenezwa na shemeji. Hiyo ndiyo sehemu ya kulinda. Sehemu ya kupunguza ni ya kumhoji. Mteue mtu mmoja wa familia, shangazi au jirani mwenye ulimi mzuri, awe ndiye anayewapokea wageni na kuwaeleza kwa kifupi, ili mwenyewe aamue kama anataka kusema.

Wataalamu nao walipitia kosa kama hilo. Kuanzia miaka ya 1980 ulienea mtindo wa kuwakusanya walionusurika ndani ya siku chache na kuwataka waeleze kila kitu katika kikao kimoja. Uchunguzi uliofuata haukuona kwamba kikao kile kinazuia kiwewe, na baadhi ya watu walitoka wakiwa wabaya zaidi. Shirika la Afya Duniani haliupendekezi. Badala yake, tangu 2011, limekuwa na mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ambao kiini chake ni kutazama, kusikiliza na kuunganisha: tazama nani ana hatari au jeraha, msikilize anayetaka kusema bila kumchimba, muunganishe na ndugu, chakula, polisi, hospitali. Kwa aliyebakwa, kuunganisha huko kuna saa inayohesabika: dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Pumzi na mazoezi yatasubiri.

Kwa watu wengi, dalili za wiki za kwanza hupungua zenyewe wakipata usalama, usingizi na watu. Ndiyo sababu jina la ugonjwa wenyewe, PTSD, yaani kiwewe kisichoisha, ambalo madaktari wa akili wa Marekani waliliingiza kwenye kitabu chao mwaka 1980, halitolewi kabla mwezi haujapita. Ukipita mwezi na bado unaota, unakwepa barabara ile, unashtuka, na kazi inakushinda, sasa kusimulia kunakuwa tiba. Lakini kusimulia kwa namna nyingine kabisa.

Mnasihi aliyefunzwa hakuulizi "ilikuwaje" akakuacha. Anakwenda nawe taratibu, kwa mpangilio, kuanzia kabla ya tukio. Ulikuwa umevaa nini? Ulisikia nini kwanza? Mwili ulihisi nini wakati ule, na sasa hivi ukisema unahisi nini? Hofu ikipanda hakukatizi. Anakaa nawe hapohapo mpaka ishuke, kisha mnaivuka sehemu ile hadi mahali ulipokuwa salama. Ubongo unapata kitu ambacho wageni kumi hawakuupa: tukio lenye mwanzo, katikati na mwisho, lenye tarehe, lililopita.

Tiba zenyewe, na ipi ya nani

Njia niliyoieleza hapo juu ina jina, tiba ya simulizi, inayojulikana kwa kifupi NET. Ilitengenezwa na Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, wakifanya kazi na watu waliopita kwenye vita zaidi ya moja. Kikao cha mwanzo unapewa kamba, maua na mawe. Unaitandika kamba sakafuni iwe maisha yako tangu kuzaliwa. Unaweka ua palipokuwa na furaha, jiwe palipokuwa na balaa. Jiwe kubwa, jiwe dogo. Sehemu ya kamba inabaki imekunjwa, ndiyo miaka isiyofika bado. Vikao vinavyofuata mnalipitia jiwe moja moja, mnasihi anaandika, na kikao kijacho anakusomea ulichosema ukirekebishe. Mwishoni unakabidhiwa maisha yako yakiwa yameandikwa.

Uganda ilihusika sana na njia hii. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, utafiti uliochapishwa 2008 uliwahusisha Wanyarwanda na Wasomali 277, na waliotoa tiba walikuwa wakimbizi wenzao waliofunzwa, si madaktari. Waliopata NET walipona zaidi ya wale waliofuatiliwa tu. Ila wale waliopata unasihi wa kawaida wa kiwewe, bila mpangilio wa kamba na mawe, nao walipona karibu sawa, ingawa walioacha katikati walikuwa wengi zaidi upande huo. Mimi nasoma hapo kwamba mtu anayejua kukaa na hofu yako bila kukimbia ana uzito kuliko jina la tiba, na kwamba mpangilio mzuri unawasaidia watu wasikate tamaa.

Tiba ya kuchambua mawazo, CPT, inashika mahali pengine. Haikazani na picha za tukio. Inakazana na hukumu uliyojipa: "ni kosa langu, ningepita njia nyingine", "hakuna mtu wa kuaminika". Mashariki ya Kongo ilijaribiwa kwa vikundi vya wanawake waliofanyiwa ukatili wa kingono, wengi wao wasiojua kusoma, kwa hiyo karatasi za mazoezi zilirahisishwa na mengine wakayashika kichwani. Matokeo yalichapishwa 2013. Miezi 6 baada ya tiba, waliobaki na dalili za sonona (huzuni nzito isiyoisha) au wasiwasi katika vikundi vile walikuwa asilimia 9, wakati upande wa waliopata msaada wa mtu mmoja mmoja walikuwa asilimia 42. Kama kinachokula ni aibu na kujilaumu, CPT ndiyo ningeiulizia kwanza, na kikundi kina nguvu yake: ni vigumu kuendelea kuamini kwamba wewe ndiye mchafu ukiwa umekaa na wanawake wanane ambao huwaoni kuwa wachafu hata kidogo.

EMDR, tiba ya kusogeza macho, iliyoanzishwa na Mmarekani Francine Shapiro mwaka 1987 huwashangaza watu. Unashikilia kumbukumbu akilini huku macho yakifuata vidole vya mnasihi kulia na kushoto. Wataalamu bado wanabishana kama macho yana kazi yoyote, lakini Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2013 liliitaja pamoja na tiba za utambuzi na tabia, yaani za kurekebisha mawazo na matendo, zinazolenga kiwewe. Sifa yake kwa watu wa kwetu ni moja: hulazimiki kusema kila kitu kwa mdomo. Kwa mwanamume aliyelawitiwa, au askari aliyeona asiyoweza kuyatamka, hilo si jambo dogo. Waliofunzwa ni wachache na wengi wako mijini, na bei yao ni ya mjini.

Ipo pia PM+, tiba fupi ya Shirika la Afya Duniani, vikao 5 vya dakika 90, inayotolewa na wahudumu wa afya wa jamii. Pumzi polepole, kutatua tatizo moja linalotatulika, kurudi kwenye shughuli, kuimarisha watu wanaokuzunguka. Haifukui tukio. Nairobi ilijaribiwa kwa wanawake 421, wengi wao waliopitia ukatili wa kijinsia, na msongo ulipungua kwa kiasi cha wastani kuliko kwa waliohudumiwa kawaida. Ikiwa bado unaishi na mume anayekupiga, au kodi ya nyumba ndiyo inayokukosesha usingizi pamoja na jinamizi, hii inakufaa kuliko NET. Huwezi kuyapanga mawe ya zamani huku mengine yanaendelea kurushwa.

Rwanda nayo ina vikundi vya tiba ya jamii vilivyoanzia Byumba mwaka 2005, watu kumi hadi kumi na watano wanaokutana mara moja kwa wiki kwa majuma 15. Pale shabaha ni imani kati ya majirani, jeraha ambalo hakuna tiba ya mtu mmoja chumbani inayoligusa.

Watoto wana yao, ya utambuzi na tabia, inayomhusisha na mlezi. Moshi na Bungoma ilitolewa na watu wa kawaida waliofunzwa, kwa watoto 640 waliofiwa na mzazi au wazazi. Ripoti ikatoka 2020. Kenya faida ilionekana hata mwaka mmoja baadaye. Tanzania, kufikia wakati huo, waliopata tiba hiyo na waliohudumiwa kawaida walikuwa wamepona kwa kiasi kinachofanana. Mtoto anayekojoa kitandani tena baada ya msiba, au anayecheza mchezo wa mazishi kila siku, msimchape.

Vidonge: vya haraka na vya polepole

Kidonge kinachojulikana zaidi mitaani ni diazepamu, Valium kwa wengi. Kinashusha mwili ndani ya saa moja na ndiyo sababu kinapendwa. Ule mwongozo wa 2013 wa Shirika la Afya Duniani unakataza kuwapa watu wazima dawa za jamii hiyo kwa dalili za kiwewe katika mwezi wa kwanza: haizuii kiwewe, na mwili huizoea upesi kiasi kwamba kuiacha kunaleta wasiwasi mkubwa kuliko wa mwanzo. Pombe ina tabia hiyohiyo kwa bei ya chini. Inakulaza saa tano, inakuamsha saa tisa na ndoto. Miraa inafanya kinyume, inaongezea mbio mwili ambao hauna breki.

Za polepole ni sertralini, paroksetini na ndugu zao. Hazilevyi. Huchukua wiki nne hadi sita kuonyesha kazi, na wiki mbili za kwanza zinaweza kuleta kichefuchefu na wasiwasi zaidi, ndipo wengi wanapozitupa. Ningeziweka baada ya tiba ya mazungumzo, isipokuwa mahali mbili: mnasihi hapatikani, au sonona imekuwa nzito kiasi kwamba mtu hawezi kuinuka kwenda kwenye kikao. Hapo dawa ndiyo inayomfikisha mlangoni. Usizikate ghafla. Kwa mama mjamzito au anayenyonyesha, daktari aamue.

Ukianza kuwaza kujiua, au kumdhuru mtu, ulinganisho wote huu uweke kando, nenda hospitali leo na mtu akusindikize. Kliniki za afya ya akili zipo kwenye hospitali nyingi za mikoa na kaunti, mbali na zile kubwa za Muhimbili, Mirembe na Mathari. Kenya, Msalaba Mwekundu hupokea simu bila malipo kwa namba 1199, na ukatili wa kijinsia ni 1195. Kwa watoto, 116, Kenya na Tanzania. Vituo vya polisi vya Tanzania vina madawati ya jinsia na watoto.

Ukimpata mnasihi, una haki ya kumhoji kabla ya kumlipa. Umefunzwa tiba gani ya kiwewe, na nani anakusimamia? Tutalizungumzia tukio lenyewe au tutalizunguka? Vikao vingapi, na tutajuaje kwamba inasaidia? Nikizidiwa katikati ya kikao utafanya nini? Anayejibu kwa utulivu swali la mwisho, kwa mfano kwamba mtasimama, mtafungua macho, mtataja vilivyomo chumbani, mtapumua, na ndipo mtakapoamua pamoja kama mnaendelea, huyo mpe vikao vitatu au vinne kabla ya kumpima. Wiki za mwanzo za tiba usingizi unaweza kuharibika kidogo, na hilo angekuwa amekwambia mapema.